Leo Jodari Hakuna

Msikilizaji, kama sahani iko mbele yako, endelea kula, maana mazungumzo yetu ya leo ni ya mezani. Nataka tuuzungumzie mgahawa wa samaki wa mtaani. Siisemi ile hoteli ya kitalii yenye vitambaa vyeupe mezani. Nausema ule wa kwetu: viti vya plastiki, meza iliyofunikwa nailoni yenye maua, kabati la vioo lenye samaki waliokwishakaangwa, jiko la mkaa likifuka nje, ndoo ya maji yenye koki na sabuni pembeni, na dada anayepita kati ya meza akiuliza, "Unakula na ugali au wali?"

Dar es Salaam tunayo migahawa ya namna hii kuanzia Feri, pale Magogoni, hadi Msasani, Kunduchi na Mbweni, na ukivuka kwa pantoni utaikuta mingine Kigamboni. Unguja watu hukutana na samaki wao Forodhani jua likishazama. Tanga, Lindi, Mombasa na Lamu wana yao, na kila mji unaamini wake ndio wanaojua kupika. Ubishi huo siuingilii leo. Ninachotaka kukiuliza ni hiki: mgahawa wa samaki unapimwa kwa nini?

Wengine watasema kwa ladha, wengine kwa usafi, wengine kwa bei. Yote ni kweli. Lakini mimi kipimo changu cha kwanza ni kuangalia kama mwenye mgahawa ana ujasiri wa kuniambia kwamba samaki ninayemtaka hakuna. Nikiagiza jodari nikajibiwa, "Leo jodari hakuna, kaka, kuna changu, tasi na pweza," navuta kiti nakaa. Nikijibiwa kwamba kila kitu kipo, na Januari kipo, na Julai kipo, na upepo ukivuma kipo, naanza kujiuliza huyu anavua katika bahari ipi.

Maana bahari, msikilizaji, haina ghala. Twende Feri alfajiri tuone. Soko lile la kisasa lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani, likaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ila biashara ya samaki mahali pale ni kongwe kuliko majengo. Boti zilizokesha baharini zinateremsha samaki. Dalali anawapanga, anataja bei ya kuanzia, na wanunuzi wanapandisha. Kuna wa hoteli kubwa, kuna wachuuzi wenye pikipiki na matenga, kuna mama lishe, na kuna mwenye mgahawa wetu wa mtaani na boksi lake la barafu na fedha za siku moja. Akikuta changu wamejaa na bei imeshuka, leo mgahawani ni changu. Akikuta nguru ni wachache na wenye fedha nyingi wameshawachukua, leo nguru hakuna. Orodha ya chakula utakayoletewa mchana imeandikwa pale mnadani, saa kumi na mbili asubuhi.

Na mnada wenyewe unaandikwa na upepo. Wavuvi wetu wengi ni wadogo. Wana ngalawa, mitumbwi, mashua na boti za faiba, na kazi yao kubwa hufanyika karibu na pwani, juu ya miamba na kando yake. Kusi kikishika, kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa au wa kumi, bahari huchafuka. Kuna siku chombo kidogo hakitoki kabisa, na kikitoka hakiendi mbali. Kaskazi kikiingia, kuanzia mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili hadi wa tatu, maji hutulia, wavuvi huenda mbali zaidi, na samaki wa maji makuu kama jodari na nguru hupatikana kwa wepesi. Kwa hiyo mteja anayetaka nguru yuleyule, kwa bei ileile, mwezi wa saba kama wa pili, anaidai bahari isiyo na misimu.

Juu ya upepo kuna mwezi. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za jenereta, za betri au za sola. Dagaa hufuata mwanga, lakini mwezi ukiwa mpevu uso wote wa bahari unang'aa, na taa ya mvuvi haivuti tena. Ndiyo maana wavuvi wa taa hupumzika siku za mbalamwezi, wakarudi kazini usiku wa giza. Na mwezi huohuo mpevu, unaomnyima huyu dagaa, humpa mwenzake pweza: huleta bamvua, maji hupwa mbali, miamba hubaki wazi, na wanawake wa pwani hutoka kwa miguu na vijiti vyao kumtafuta pweza mashimoni. Bamvua hurudi tena mwezi unapoandama. Katikati ni siku za maji mafu, bahari haitoki sana, na pweza wa miguu huadimika. Mama anayeuza pweza mtaani kwako huenda hana kalenda ukutani, lakini atakwambia ni lini atakuwa naye.

Sasa jiulize: mgahawa unaosema "kipo" kila siku ya mwaka unakitoa wapi?

Jibu la kwanza ni barafu, na hapa lazima tutende haki. Barafu si dhambi. Jodari aliyezikwa kwenye barafu tangu alipovutwa kutoka majini ni bora mara nyingi kuliko jodari anayeitwa wa leo aliyeshinda juani juu ya meza ya mbao. Tatizo ni kwamba sisi wateja tumejifunza kuidharau barafu. Tukisikia samaki ametoka kwenye friza tunakunja uso. Basi muuzaji naye akajifunza kuificha: samaki anatolewa kwenye friza, anayeyushwa, anapangwa kwenye kabati, anaitwa wa leo. Jioni asipouzwa anarudishwa, kesho anatolewa tena. Na huku kuganda na kuyeyuka mara kwa mara ndiko kunakomharibu. Laiti tungemwachia muuzaji huyo aseme wazi kwamba huyu aliganda, angempika mara moja tu baada ya kumyeyusha, na sote tungekula salama.

Usalama huo si maneno ya kutishana. Kuna samaki ambao wakikosa baridi huwa sumu hata kama harufu yao haijabadilika sana. Nao ni hawa tunaowapenda: jodari, nguru, vibua na jamaa zao. Wakikaa kwenye joto, vijidudu hugeuza kitu cha asili kilichomo kwenye nyama yao kuwa kemikali iitwayo histamini. Mtu akila, ndani ya dakika chache au saa moja mbili uso unakuwa mwekundu na kuwaka, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, vipele vinatoka, wakati mwingine na kuhara. Wengi husema, "Mimi nina aleji ya samaki," wakaacha jodari maisha yao yote, kumbe walichokula ni uzembe wa mtu. Tena shika hili: histamini ikishatengenezeka, moto hauiondoi. Ukaange, uchome, uchemshe, ugandishe, imo. Wala ndimu na pilipili haziipunguzi. Dawa yake ni baridi tangu chomboni, na kama baridi haikuwepo, dawa ni kusema hakuna. Na wewe ukipatwa na dalili hizo, nenda hospitali, na umwambie daktari ulikula samaki gani na saa ngapi.

Jibu la pili la "kipo" ni kubadilishiwa. Umeagiza chewa, umeletewa minofu myeupe iliyovikwa unga ikakaangwa ikawa rangi ya dhahabu. Nani anajua ni chewa au ni sangara wa Ziwa Victoria? Simdharau sangara, wala sato. Ni samaki wazuri, wanalisha watu wengi, na wanasafiri kutoka Mwanza wakiwa kwenye barafu safi. Kuna na vibua wa kuagizwa kutoka nje ya nchi, wanaofika wakiwa wameganda kwenye maboksi, wamewasaidia wengi kupata kitoweo cha bei nafuu. Shida ni jina. Mtu akilipa bei ya chewa ana haki ya kula chewa, na akitaka sangara aambiwe sangara na alipe bei ya sangara. Ukiwa na shaka, agiza samaki mzima mwenye kichwa na mkia wake. Minofu haina uso. Samaki mzima hawezi kukana jina lake.

Jibu la tatu ndilo baya kuliko yote. Mahitaji yakiwa makubwa na bahari ikiwa imekunja ngumi, anajitokeza mtu wa njia ya mkato. Pwani yetu imeteseka kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo, wengi wanazama chini bila kuokotwa, na mwamba uliochukua miaka mingi kukua unageuka kifusi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza, na doria zimefanyika, lakini sheria haina macho jikoni. Mpishi anayo. Samaki wa baruti nyama yake ni legelege, mfupa wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, na ukimpasua unakuta damu imevilia ndani ilhali nje hana jeraha la ndoana wala alama ya wavu. Wapaa samaki pale sokoni wanamtambua mara moja. Mwenye mgahawa anayemkataa samaki huyo na kurudi na boksi nusu tupu amefanya kazi ya askari bila kuvaa sare. Tumlipe kwa kukubali kwamba mchana ule chaguo litakuwa dogo.

Kuna na suala la ukubwa. Migahawa mingi hupenda samaki wa kutosha sahani moja, na mteja anapenda aonekane mzima, kichwa huku, mkia kule. Lakini si kila samaki aliyetosha sahani ametosha umri. Chewa wengi, kwa mfano, huanza maisha wakiwa majike na wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka madume. Chewa wa kiganja kimoja mara nyingi hajapata hata kuzaa. Na zile nyavu za juya zinazokokotwa hadi ufukweni, ambazo zimepigwa marufuku, ndizo zinazowaleta wadogo hawa kwa mafungu. Ukimwona kabatini, mwache. Ukimnunua leo, umeagiza wengine kama yeye waletwe kesho.

Pweza ana habari ya kutia moyo. Kanuni za uvuvi Tanzania Bara zinakataza kumvua pweza aliye chini ya nusu kilo. Pweza wa miamba yetu hukua upesi sana na haishi miaka mingi. Mama hutaga, huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa kuwa hukua upesi, ukimpa nafasi kidogo analipa. Wanavijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walijaribu mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, na walipofungua wakakuta pweza wakubwa zaidi. Wazo hilo likafika kwetu. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wakisaidiwa na shirika la Mwambao wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu, wakailinda wenyewe, halafu siku ya kufungua wanaume na wanawake wanateremka pamoja. Hebu tazama jambo hili kwa jicho la mgahawa: kijiji kizima kimekubaliana kusema "hapa hakuna kwa sasa, rudi baada ya miezi mitatu." Mtu aliyeacha kuvua hapo kwa miezi mitatu ana watoto wa kulisha. Sisi tunaoshindwa kungoja sahani nyingine kwa mchana mmoja tuna udhuru gani?

Na hapo ndipo ninapofika kwenye lawama, msikilizaji, na lawama nyingi ni zetu sisi tunaokula. Nani aliyemfundisha mwenye mgahawa kwamba "hakuna" ni neno la hasara? Mteja anaingia na wageni wake, anakaa, anaita, "Dada, nguru wa kupaka, sahani nne." Dada anasema kwa heshima, "Samahani kaka, nguru leo hawakupatikana. Kuna kolekole, wazuri sana." Kaka anatazama wageni wake, anaona ameaibishwa. "Mgahawa gani wa samaki hauna nguru?" Anainuka, wageni nao wanainuka, wanakwenda jirani ambako kila kitu kipo. Mama mwenye mgahawa amesimama jikoni na kolekole wake wa asubuhi, mkaa umeshawaka, nazi imeshakunwa. Kesho atafanya nini? Atanunua friza kubwa na atajifunza kutikisa kichwa kwa kila swali. Uongo wa mgahawa wa samaki hauanzii jikoni; unaanzia mezani.

Basi tule nini siku ambayo nguru hakuna? Hapa ndipo utamu ulipo, maana jiko la pwani limejengwa juu ya kutokujua kesho litapata nini. Wapishi wetu hawakupanga mapishi kwa jina la samaki. Walipanga kwa tabia ya nyama yake. Samaki mdogo wa mwamba kama changu na tasi, mwenye nyama tamu na miiba ya kuheshimiwa, anachanjwa ubavuni, anapakwa chumvi, ndimu na kitunguu saumu, anaachwa kidogo, kisha anatumbukizwa kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Akiiva ngozi inalia mdomoni na mapezi yanatafunika. Huyu anataka ugali na kachumbari yenye pilipili mbuzi, na mkono ulionawa vizuri. Uma hauna kazi hapa. Miiba ya changu huonekana kwa vidole kabla ya macho.

Kibua ana mafuta yake mwenyewe. Kumkaanga ni kumwongezea asichohitaji. Anataka mkaa, chumvi na ndimu tu, na mpishi asiyeondoka jikoni kwenda kuzungumza. Kolekole ana nyama nene inayostahimili, huyo ndiye wa kupaka. Na kupaka kuna utaratibu wake: samaki anachomwa kwanza hadi akaribie kuiva, ndipo anapakwa rojo la tui zito, lile la kwanza la kasimile, lililochemshwa na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu au ukwaju. Anarudishwa motoni, anapakwa tena, mpaka tui limgande. Mgahawa unaomchemsha samaki ndani ya tui jembamba na kuita kupaka umekuuzia mchuzi. Mchuzi ni mzuri, lakini una jina lake.

Chewa mkubwa akipatikana, omba kichwa. Supu ya kichwa cha chewa, yenye ndimu, bizari kidogo na pilipili nzima inayoelea bila kupasuka, ni chakula cha mtu aliyekaa na wenzake bila haraka. Taa, ambaye wageni humwogopa kwa umbo lake, akipikwa mchuzi wa nazi na bamia humfanya mtu asahau alikuja kutafuta nini. Ngisi anataka moto mkali na muda mfupi. Akipita hapo ni mpira. Pweza anataka kinyume chake: apigwepigwe kwanza alainike, achemshwe polepole kwa maji yake mwenyewe, ndipo aingie kwenye nazi au kwenye mkaa. Na usimsahau dagaa mchele, akikaangwa mkavu na ndimu juu yake, sahani moja ni ya bei ya chini na ina lishe kuliko vingi vya gharama. Ukimwachia mpishi akuchagulie kulingana na mnada wa asubuhi, utakula vizuri siku yoyote ya mwaka.

Neno moja juu ya wale samaki waliokwishakaangwa kabatini. Wapo wanaowadharau, wakidhani ni mabaki. Kumbuka kwamba kabla barafu haijawa kitu cha kawaida, kukaanga, kukausha na kubanika ndizo zilizokuwa njia za kumfikisha samaki salama kwa mtu aliye mbali na maji. Wakaangaji wa Feri wanaendeleza kazi hiyo hadi leo, na samaki wao wanalisha mitaa ambayo haijapata kuona bahari. Samaki aliyekaangwa asubuhi akiwa mbichi kabisa, akaliwa mchana, ni wa kuaminika. Unachotakiwa kukitazama ni mafuta. Mafuta yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu na moshi kabla samaki hajaingia, yamefanya kazi kupita umri wake. Hapo agiza wa kuchoma.

Kwa yule asiyekaangwa, omba kuonyeshwa. Si utovu wa adabu. Mwenye samaki mzuri hufurahi kumwonyesha. Macho yawe maangavu na yamejaa, yasiwe yamezama na kufanya ukungu. Fungua shavu, matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Harufu iwe ya bahari. Halafu uliza bei kabla hajaingia motoni, hasa kama anauzwa kwa uzito: anapimwa mbele yako, bei inatajwa mbele yako, mnakubaliana. Ugomvi mwingi wa migahawa ya samaki huzaliwa pale ambapo bei inatajwa wakati imebaki miiba sahanini. Na ukishakubali bei, usianze kulalamika kwamba mwezi uliopita ilikuwa chini. Mwezi uliopita bahari ilikuwa shwari.

Kwenu wenye migahawa, nina ombi dogo. Tundikeni ubao mlangoni, hata kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi. Andikeni kila asubuhi mlichokipata mnadani: changu wa Kunduchi, pweza wa Mafia, kamba wa Rufiji, sangara wa Mwanza, vibua walioganda. Kilichoisha kifuteni. Mteja akiona jina limefutwa saa saba mchana ataelewa kwamba yaliyobaki ni ya kweli. Ile orodha ndefu iliyochapishwa kwa rangi, yenye picha za kamba mti ambao jiko lenu halijawahi kuwagusa, iondoeni. Inawatia nyinyi kwenye deni na inawatia wateja kwenye kiburi.

Na kwako msikilizaji, nakuachia neno la kufanyia kazi. Safari nyingine ukiingia mgahawani, kabla hujataja samaki unayemtaka, muulize dada, "Leo kuna nini?" Akikwambia jodari hakuna, kaa. Kula kilichopo, mlipe haki yake, na wiki ijayo urudi palepale na wenzako. Mgahawa wa namna hiyo ukikosa wateja utafungwa, na tutabaki na ile inayosema kila kitu kipo.